Sauti za Uwemba katika Ghala Lisilo Letu

Makambako ni mji uliokuzwa na njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita hapa, ile ya Njombe na Songea huchepukia hapa, na stesheni ya TAZARA ipo hapa. Nimeuzoea mji huu kwa sababu baadhi ya wanafunzi ninaowasimamia ni watu wa Mkoa wa Njombe: walimu wa shule za msingi, wauguzi, maofisa ugani, mtendaji wa kata mmoja. Ni watu wazima wenye kazi na familia. Badala ya kuwalazimisha wote waje chuoni, mimi hupanda basi nikawafuata. Hukutana nao Makambako, au mjini Njombe, kilomita zipatazo 60 kusini, katika chumba cha darasa tunachoazimwa siku za Jumamosi.

Nataka kuandika juu ya kampuni kubwa za teknolojia na vyuo vikuu vya umma. Kwetu jambo hili huzungumzwa zaidi kwa lugha ya pongezi: chuo fulani kimesaini makubaliano na kampuni fulani, picha zimepigwa, maelfu ya wanafunzi watapewa akaunti za bure. Ni mara chache mtu huuliza zawadi hiyo ilikuwa na sura gani miaka kumi baadaye. Mimi nimeiona sura hiyo huko Njombe, na nitaieleza kama nilivyoiona.

Mmoja wa wanafunzi wangu ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Makambako. Tasnifu yake ya uzamili ilihusu miwati. Mgeni anayefika Njombe leo huona chai, mipaini na miparachichi, akadhani milima hii ilikuwa hivyo tangu enzi. Kilimo kikubwa cha miwati kilianza na kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo wenyeji huiita TANWAT, iliyoundwa mwaka 1949 na shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni. Magome ya miti hiyo hutoa tanini ya kusindikia ngozi. Mwanafunzi wangu aliuliza mambo ya kabla ya hapo: nani alilima wapi, ulezi ulipandwa bonde gani, mipaka ilijulikanaje, na ilikuwaje mkulima akakubali kupanda mti ambao magome yake hakuwa na uwezo wa kuyala wala kuyasindika mwenyewe. Maswali kama hayo hayajibiwi vizuri na nyaraka, kwa kuwa walioandika nyaraka ndio waliokuja na miche.

Aliwahoji wazee kumi na wanne, wengi wao wenye umri wa zaidi ya miaka themanini, kwa Kibena. Nilifuatana naye mara mbili. Huko Uwemba tulimkuta bibi mmoja jikoni, maana ilikuwa Juni na baridi ya Njombe mwezi huo haina utani. Tulipokwisha kusema "kamwene" na kuitikiwa, alitaka kwanza kujua mimi ni wa ukoo gani, akaridhika kuniita "mwalimu wa mjini". Mwanafunzi wangu alimwita "mwanangu" tangu mwanzo hadi mwisho. Alisimulia kwa saa mbili. Alitaja majina ya vijito ambavyo havimo katika ramani yoyote niliyopata kuiona. Kisha akaimba wimbo wa kulimia, akasita katikati, akacheka, akasema ubeti unaofuata hauimbwi mbele ya wanaume. Nikatoka nje. Uliimbwa, na simu ikaurekodi.

Fomu ya maadili ya utafiti ilimtaka mtafiti ahifadhi sauti hizo mahali salama, na mahali hapo chuo kilipataja chenyewe: akaunti ya mtandaoni ambayo kila mwanafunzi hupewa anaposajiliwa. Simu yake ilikuwa imejaa. Akapakia sauti zote, akafuta zilizokuwa kwenye simu, akaandika tasnifu, akaitetea, akahitimu. Mwaka uliofuata chuo, ambacho sitakitaja, kiliamua kupunguza mzigo wa akaunti kwa sababu hifadhi iliyokuwa haina kikomo ilikuwa imewekewa kikomo na kampuni iliyoitoa, ambayo nayo sitaitaja. Akaunti za waliohitimu zikafungwa. Tangazo la siku thelathini lilitumwa kwa Kiingereza, kwenye anwani zilezile zilizokuwa zikielekea kufungwa, ambazo mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kuhitimu hana sababu ya kuzifungua kila wiki.

Kati ya mahojiano kumi na manne, yamesalia matatu. Yalisalia kwa sababu alikuwa amemtumia mjukuu wa mzee mmoja kwa WhatsApp ili ukoo uyasikie. Wimbo wa bibi wa Uwemba haumo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Nilikiandikia kitengo cha tehama cha chuo. Walijibu kwa adabu kwamba utaratibu ulifuatwa, jambo ambalo ni kweli. Niliiandikia kampuni, nikajibiwa na mashine. Nikaomba kuuona mkataba kati ya chuo na kampuni, nikaambiwa hakuna mkataba kwa maana ninayoifahamu mimi. Yapo masharti ya matumizi, marefu, ambayo mtu fulani miaka mingi iliyopita aliyakubali kwa kubofya kitufe. Hakuna anayekumbuka ni nani. Baraza la Chuo halikuketi kulijadili jambo hilo. Chuo hicho hicho hakiwezi kununua viti hamsini bila kutangaza zabuni.

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wataelewa kwa nini nasisitiza jambo hili. Taratibu zetu za ununuzi huamshwa na fedha. Kitu kikiwa na bei, kuna bodi, kuna mkaguzi, kuna hoja za CAG. Kikiwa cha bure, mlango hauna bawabu. Naamini kampuni hizi zinalijua hilo kuliko sisi.

Ukanda wetu ulianza mapema. Mwezi Machi 2007 Google ilitangaza ushirikiano na Wizara ya Miundombinu ya Rwanda na mtandao wa elimu wa Kenya, KENET, wa kutoa barua pepe na programu nyingine bila malipo kwa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye wanafunzi wapatao 50,000, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Wakati huo ulikuwa msaada wa kweli, nami sitaubeza. Intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kinyonga. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Wahadhiri walitumia anwani zao binafsi kwa mambo ya ofisi, na seva ya chuo ilizimika kila umeme ulipokatika. Mtu akikuletea barua pepe isiyozimika, tena bure, unashukuru.

Lakini mnamo Februari 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu itakoma, na kwamba kila taasisi ingepata terabaiti 100 za kugawana watumiaji wake wote. Mwaka 2023 Microsoft nayo ikatangaza kikomo cha aina hiyo. Ni haki yao, kwani hifadhi hugharimu umeme, majengo na mitambo. Tatizo ni kwamba uamuzi wenye athari kwa maktaba, tafiti na kumbukumbu za vyuo vya umma duniani kote ulifanywa na watu ambao hakuna bunge wala seneti ya chuo iliyowachagua, na vyuo vikaupokea kama mkulima anavyopokea habari za mvua.

Turudi stesheni ya Makambako. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Upana wake ni milimita 1,067, kwa sababu ulitakiwa uungane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ina milimita 1,000. Kwa hiyo behewa la TAZARA haliwezi kuendelea kwenye Reli ya Kati hata mita moja. Kidatu, ambako reli hizo mbili zinakutana, mzigo hauna budi kupakuliwa huku na kupakiwa kule. Sasa tuna reli ya tatu, SGR, yenye milimita 1,435.

Mtu anaweza kulaumu uchaguzi wa upana ule. Mimi siulaumu, kwani ulikuwa na sababu ya kisiasa inayojulikana, ya kuikomboa Zambia kutoka kwenye njia za kusini zilizoshikwa na walowezi. Ninalotaka kulionesha ni kwamba ulichaguliwa. Serikali tatu zilikaa, zikatia saini mwaka 1967, na gharama ya kuhamisha mizigo ilijulikana tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi wa historia anaweza kufungua nyaraka akasoma nani alisema nini. Katika vyuo vyetu upana wa reli umeamuliwa bila kikao. Kazi zote za miaka kumi na tano, barua, alama, rasimu za tasnifu, sauti za wazee, zimepakiwa kwenye mabehewa ya mtu mmoja, na hatukujiuliza Kidatu yetu itakuwa wapi siku tutakapotaka kuhama. Mtaalamu wa tehama wa chuo kimoja aliniambia kwamba kuhamisha mafaili kunawezekana. Kinachoshindikana ni kuhamisha mazoea. Sina uhakika kama alikuwa anajitetea au ananifundisha.

Watu huniambia hatuna uwezo wa kujiendeshea mambo haya wenyewe. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito: mafundi wazuri huondoka vyuoni kwa sababu ya mishahara, majenereta hukosa mafuta, na nimeona seva iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ikiwa imefunikwa kitambaa kama maiti. Lakini nusu ya pili inakanushwa na mambo yaliyo mbele ya macho yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kufundishia kwa programu za leseni, WebCT na Blackboard, kisha kikahamia Moodle, programu huria ambayo chuo chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake na kuirekebisha kinavyotaka. Chuo Kikuu Huria nacho hutumia Moodle. Serikali yenyewe, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, ilitengeneza mfumo wake wa barua pepe, na watumishi wengi wanaosoma makala haya wanautumia kila asubuhi. Mkongo wa Taifa upo. Kituo cha taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama. Mtandao wa vyuo na utafiti, TERNET, upo tangu mwaka 2008. Kupitia mradi wa HEET, nchi imekopa Benki ya Dunia dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu. Sidai kwamba kila kitu kirudi nyumbani kesho. Nadai kwamba sentensi ya "hatuwezi" isitumike tena kuepuka kusoma masharti.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, na intaneti ya Tanzania ikalegea vibaya kwa siku kadhaa. Wanafunzi wangu wa Njombe walikuwa na kazi ya kukusanya wiki hiyo. Aliyewaokoa ni kijana mwenye stesheneri karibu na stendi ya Makambako. Kwa miaka yote hiyo, bila kuagizwa na mtu, amekuwa akitunza kwenye diski yake nakala ya kila kijitabu cha masomo kilichowahi kuletwa kwake kutolewa kopi. Ana mafaili ya masomo yangu ambayo mimi mwenyewe sinayo tena. Anatoza kopi kwa ukurasa, na hataki kusikia habari za haki miliki. Kwa siku zile nne yeye ndiye alikuwa maktaba ya chuo kikuu katika mkoa wote, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Sauti ya bibi anayetaja ukoo wake, shamba lake na mgogoro wake na jirani ni taarifa binafsi kwa maana yoyote ile. Nchini Denmark, mamlaka inayosimamia taarifa binafsi ilizuia mwezi Julai 2022 shule za manispaa ya Helsingør kutumia programu za Google, kwa kuwa manispaa haikuwa imepima vya kutosha hatari kwa wanafunzi. Wenzetu hao walianza na swali dogo la kiofisi: ni nani alifanya tathmini, na iko wapi? Swali hilo linaweza kuulizwa na ofisa yeyote wa chuo chochote cha umma hapa kwetu, na halihitaji bajeti.

Wimbi linalokuja ni kubwa kuliko lile la barua pepe. Mwezi Februari 2025 mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya California State, uliokuwa wakati huo na kampasi 23 na wanafunzi zaidi ya 460,000, ulitangaza kuwapatia wote ChatGPT. Tutafuata, labda bure kwa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, aliiuliza programu moja ya akili mnemba kuhusu Makambako, akajibiwa kwa Kiswahili fasaha kwamba ni mji wa Mkoa wa Iringa. Ilikuwa kweli hadi mwaka 2012. Tulicheka. Lakini nilipokuwa narudi kwenye basi niliwaza kwamba mashine ile haikuwa na pa kujifunzia mengine, kwa sababu yaliyoandikwa juu ya Njombe ni machache, na yaliyosemwa na wazee yanafutwa na sisi wenyewe.

Kuna na upande wa kuwashuku wanafunzi. Turnitin, programu ya kukagua wizi wa maandiko inayotumiwa na vyuo vingi, ilinunuliwa mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 1.75. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ni hazina ya kazi za wanafunzi, zikiwemo zetu, na sikumbuki mwandishi yeyote wa tasnifu aliyepata hata senti. Tangu ChatGPT ije, zimeongezwa programu za kutambua maandishi ya mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba mwaka 2023, wakakuta kwamba insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine kwa zaidi ya nusu. Wanafunzi wangu wa Njombe huandika Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya Kibena au Kikinga na Kiswahili. Sentensi zao ni fupi na za tahadhari, kama walivyofundishwa. Sijui nitamwambia nini mtendaji wa kata atakapoitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuandika kwa uangalifu.

Masharti ya huduma za mtandaoni katika chuo ninachofundisha yanapitiwa upya muhula huu. Nimewasilisha mapendekezo manne kwa kamati ya tehama ya seneti. Huduma yoyote, ya bure au ya kulipia, ipitishwe na Baraza kwa mkataba ulioandikwa na unaosomeka na umma. Mkataba useme jinsi ya kutoka, kwa mafaili ya namna gani na kwa gharama ya nani. Data za utafiti zilizokusanywa kwa idhini ya wananchi ziwe na nakala katika maktaba ya chuo, hapa nchini, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kuhitimu. Na tangazo la kufunga akaunti litumwe kwa Kiswahili, kwa ujumbe wa simu, mara tatu.

Mjumbe mmoja amenipigia kuniuliza kama jambo hili ni la dharura au linaweza kusubiri kikao cha Novemba. Nimempelekea ukurasa mmoja kutoka kiambatisho cha tasnifu ile, wenye orodha ya waliohojiwa. Kwa mujibu wa maadili ya utafiti hawana majina, wana namba, umri na kijiji. Mwanafunzi wangu, ambaye tangu mwezi uliopita amekuwa akirudi Uwemba na Lupembe na kinasa sauti cha kuazima, ameweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu mbele ya kila aliyekwisha kufariki. Misalaba ni tisa.